Kanisa la Kilema: wahi misa ya siku ya kazi

Kwa mnaopanga kutoka Moshi mjini kwenda kuona Kilema, misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1890: msiende mchana kama watalii. Wahi misa ya asubuhi siku ya kazi, kaa benchi la nyuma, na ikiisha usitoke haraka. Mlango tayari uko wazi, huhangaiki kumtafuta mwenye funguo. Halafu wazee wanaobaki kusali rozari ndio wenye habari zote, mpaka za babu zao waliobeba mawe ya kujengea kanisa. Ukishawaamkia na kusali nao, watakuzungusha wenyewe. Mimi mara ya kwanza nilifika saa nane mchana, kamera shingoni, nikaambulia kuta. Asubuhi pia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi huwa haijajifunika mawingu. Simu ikae mfukoni hadi uruhusiwe. Jumapili mbinu hii haifanyi kazi, watu ni wengi na kila mmoja ana haraka ya kwake. Wala siku ya mazishi. Masika nayo, kwa tope lile la migombani, unaweza kukuta baraka ya mwisho. Ulizia saa ya misa siku moja kabla.