Irabu za Kireno kwa msemaji wa Kiswahili: anza na mkazo

Ukifungua kitabu cha Kireno utaziona a, e, i, o, u, ukadhani umeshafika. Bado. Herufi ni hizo tano, lakini sauti hutegemea irabu imekaa wapi kwenye neno.

Hatua ya 1: Tafuta mkazo. Neno likiishia kwa a, e au o, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu: *casa* (nyumba). Likiishia kwa i, u, l, r au z, uko mwishoni: *aqui*, *Brasil*, *falar*. Linalokiuka hayo huwekewa alama, kama *café*.

Hatua ya 2: Tenganisha e mbili na o mbili. Penye mkazo kuna irabu saba za mdomoni, kwa sababu e na o kila moja ina sauti wazi na sauti funge. *Avô* (o funge) ni babu, *avó* (o wazi) ni bibi. Ukilegeza taya umeshambadilisha mzee wa watu jinsia. E na o zetu ziko karibu na zile wazi, kwa hiyo jasho litakutoka kwenye zile funge. Anza kutamka i, shusha ulimi kidogo tu, usimame hapo: hiyo ni ê. Kutoka u fanya vivyo hivyo upate ô. Kibaya, mara nyingi alama haipo: *novo* ina o funge, *nova* ina o wazi. Kariri sauti pamoja na neno.

Hatua ya 3: Pitisha hewa puani. Irabu za puani ni tano. *Vi* ni niliona, *vim* ni nilikuja, na midomo haifungwi kwenye hiyo m. Bana pua ukitamka *vim*. Sauti isipobadilika, rudia.

Hatua ya 4: Punguza pasipo mkazo. Mwanaisimu wa Brazili, Joaquim Mattoso Câmara Jr., alihesabu irabu saba penye mkazo, tano kabla yake, tatu mwishoni. Ndiyo maana o ya mwisho husikika u. Lisbon huenda mbali zaidi: *pequeno* (mdogo) hubaki kama "pkenu". Anayeelekea Msumbiji asihangaike sana na umezaji huo. Kule irabu hutamkwa kwa ukamilifu zaidi.

Jipime kwa *desenvolvimento* (maendeleo): irabu mbili za puani, mkazo kwenye *men*, na o ya mwisho ni u.