Kabla lori halijarudi kinyumenyume mlangoni: maandalizi ya kushusha mzigo alfajiri

Ukitaka kujua kama duka litafunguliwa rafu zikiwa zimejaa, usiende kuwatazama wanaoshusha mzigo saa kumi na moja alfajiri. Nenda stoo jana yake usiku. Kama sakafu bado imetapakaa maboksi matupu, toroli moja lina gurudumu lililokwama, na mapengo ya rafu yanajulikana kwa kukisia tu, basi asubuhi hiyo imeshaharibika kabla dereva hajawasha gari.

Wengi hudhani tatizo ni kasi ya mikono, wakaongeza watu. Kumbe kinachokula muda ni katoni moja kushikwa mara nyingi: inashushwa chini, inasogezwa kupisha nyingine, inapandishwa torolini, inapelekwa safu isiyo yake, inarudishwa. Mara tano, wakati mbili au tatu zingetosha. Karibu kila jambo ninalolitaja hapa linalenga kupunguza mishiko hiyo.

Anza na nafasi. Paleti za kawaida, yaani majukwaa bapa ambayo katoni hupangwa juu yake, huwa na urefu wa sentimita 120, na upana wa sentimita 100 au 80. Kwa zile pana, paleti kumi zinataka mita za mraba 12 za sakafu tupu, na hapo hujahesabu njia ya kupitisha toroli. Pima stoo yako kabla mzigo haujaja. Kisha igawe kwa chaki au utepe kulingana na safu za dukani: hapa safu ya kwanza, pale ya pili, na sabuni na dawa za wadudu kona ya peke yake, mbali na chakula. Katoni ya dawa ikivuja usiku juu ya unga, hakuna wa kuutetea unga huo.

Mgawanyo huo hauna faida bila mtu mmoja wa kusimama mlangoni pa lori. Huyu habebi kitu. Kazi yake ni kusoma ubavu wa katoni inapotoka na kutamka namba: “Tatu! Moja! Tatu! Baridi!” Aliyebeba haulizi, anakwenda moja kwa moja. Mameneja huona uchungu kumwacha mtu mzima amesimama mikono mitupu huku wenzake wakitoka jasho, ila jaribu kumwondoa uone: baada ya dakika kumi utakuta vijana watatu wamesimama njiani, kila mmoja na katoni kifuani, wakiulizana iende wapi.

Orodha ya mzigo iombwe jioni, na pamoja nayo uliza jinsi lori lilivyopakiwa. Kilichoingia mwisho ndicho hutoka kwanza. Ukijua kwamba vinywaji viko mlangoni na karatasi za chooni ziko ndani kabisa, unajua pia nani aanze wapi. Orodha hiyo ilinganishwe na mapengo, na mapengo yaandikwe kwa kupita rafu moja baada ya nyingine duka linapokaribia kufungwa. Katika mzunguko huohuo, vuta mbele bidhaa zilizobaki ili nafasi ya mzigo mpya iwe nyuma. Ukiacha kazi hiyo hadi asubuhi, mwenye haraka atapanga mpya mbele ya zamani, na ya zamani itakuja kuonekana tarehe yake ikiwa imepita.

Vifaa havina maneno mengi: mashine za kusomea misimbo ya mistari iliyo kwenye bidhaa zichajiwe usiku, visu vya kukatia maboksi viwe na nyembe kali, taa ya mlangoni iwake, glavu zitoshe watu wote.

Lori likifika, subira ya dakika mbili inalipa. Injini izimwe, magurudumu yawekewe vizuizi, namba ya lakiri (kifungo cha usalama kwenye mlango wa lori) ilinganishwe na iliyo kwenye hati kabla haijakatwa. Mlango ufunguliwe ubawa mmoja, taratibu, mfunguaji akiwa amesimama pembeni, maana mzigo huegemea mlango safarini. Mimi niliwahi kuufungua kwa pupa, katoni ya juu ikanipita sikioni. Tangu siku hiyo sikuhitaji kukumbushwa.

Vya baridi vishuke kwanza, au mara tu vinapofikiwa. Kipimajoto kiwe mkononi: vilivyogandishwa huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri au chini zaidi, na vya friji kwa kawaida visizidi nyuzi 5. Hapa ndipo maandalizi ya jana huonekana, kwa sababu friza iliyojaa haiwezi kupokea kitu, na kuipangua huku maziwa yakisubiri sakafuni ni kosa ambalo mteja ndiye atakayeligundua nyumbani kwake. Kama kipimo hakiridhishi, kiandikwe kwenye hati mbele ya dereva. Upungufu na katoni zilizopondeka vivyo hivyo: hesabu kwanza, sahihi baadaye, hata dereva akikuhimiza. Atakuhimiza.

Kuhusu watu, wapangie kazi majina yao yakiwa ubaoni tangu jioni, na wape chai kabla ya kazi. Aliyeamka usiku wa manane akabeba mizigo na njaa ndiye anayeangusha vitu ifikapo saa moja. Katoni nzito zibebwe na wawili, au zisukumwe.

Kwenye rafu zenyewe, vizito vikae chini, na kinachouzika sana kijazwe kwanza. Hata mlango wa duka ukifunguliwa kabla kazi haijaisha, vilivyobaki visiwe ndivyo wateja wanavyovifuata. Boksi likiisha likunjwe palepale, lisirushwe kwenye njia. Acha nusu saa ya mwisho kwa kufagia, kukausha sakafu na kukagua lebo za bei. Katoni iliyofunguliwa ikabaki na vitu irudi stoo ikiwa imeandikwa ubavuni, kwa kalamu ya wino mzito, idadi iliyomo na tarehe, la sivyo kesho mtu ataishusha na kuifungua upya ili ahesabu.