Mtandao wa Chuo Ughaibuni: Mwongozo kwa Wanafunzi na Watafiti Wanaotoka Dodoma

Kila mwaka wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini na vyuo vingine vya hapa makao makuu huondoka kwenda kuongeza elimu Uingereza, Ujerumani, Marekani, China na kwingineko. Wakifika hupewa anwani ya barua pepe, nywila na waraka mrefu wa masharti ya kutumia mtandao wa chuo, ambao wengi huukubali kwa kubonyeza kitufe bila kuusoma. Mwongozo huu unauhusu waraka huo. Masharti yake mengi hayamsumbui mtu mwenye nia njema, lakini yapo machache yanayogongana na mazoea yetu yaliyo mazuri kabisa, hasa lile la kugawana tulicho nacho, na hayo ndiyo yanayowaponza vijana wetu waadilifu.

Mtandao wa chuo hauishii chuoni. Vyuo vya Uingereza vimeunganishwa na mtandao wa Janet unaoendeshwa na taasisi iitwayo Jisc, vya Ujerumani vina DFN, na hapa kwetu ipo TERNET, ambayo ni mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania. Janet ina sera yake ya matumizi, na kila chuo kilichounganishwa nayo kinawajibika kuhakikisha kwamba watu wake wanaifuata. Kwa hiyo mwanafunzi anapokiuka masharti, lawama haiishii kwake. Chuo nacho hulazimika kujieleza kwa wale wanaokipa huduma. Ukali wa vitengo vya TEHAMA, ambao mgeni huweza kuudhania kuwa ni chuki dhidi yake, mara nyingi unatokana na hilo.

Fahamu pia kwamba mtandao huo una kumbukumbu. Unapoingia kwa jina lako, mfumo huandika kifaa chako kilipewa anwani gani ya intaneti, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Malalamiko yakitoka nje yakitaja anwani na saa, mtaalamu hufungua kumbukumbu hizo na kulikuta jina lako. Lengo si kusoma mazungumzo ya watu, lakini anayeamini kwamba hataonekana kwa kuwa wanafunzi ni maelfu anajidanganya.

Nywila si bando

Katika hosteli za Dodoma, mwenye bando humwashia mwenzake hotspoti, na aliyeishiwa leo ndiye atakayewasaidia wengine kesho. Kwa mazoea hayo, kumpa rafiki nywila huonekana kuwa wema uleule. Sivyo. Bando umelinunua na ni lako. Akaunti ya chuo ni dhamana uliyokabidhiwa wewe peke yako, kama mfugaji aliyekabidhiwa ng'ombe wa mwenzake asivyoweza kuwapeleka kwa mtu wa tatu bila kumwuliza mwenyewe. Sera za vyuo karibu zote hukataza kumpa mtu mwingine nywila, hata mke, mume au ndugu wa tumbo moja, na lolote litakalofanywa kwa akaunti yako huhesabiwa kuwa umelifanya wewe.

Jaribu kubwa zaidi hutoka nyumbani. Mdogo wako anayeandika tasnifu hapa Dodoma anakuta makala anayoihitaji inauzwa kwa dola nyingi, wakati wewe uliye Leeds au Heidelberg unaisoma bure. Anakuandikia: «Kaka, nipe tu nywila ya maktaba, nitaitumia usiku mmoja.» Haja yake ni ya kweli na inaumiza, na mwongozo huu hauwezi kujifanya kwamba pengo hilo la maarifa ni la haki. Hata hivyo, kumpa nywila ndiyo njia mbaya kuliko zote za kulijibu. Wachapishaji wa majarida huona akaunti moja ikiingia kutoka nchi mbili ndani ya saa moja, na huona pia makala mamia zikishushwa mfululizo. Wakishuku, huweza kuzuia huduma kwa chuo kizima hadi mhusika apatikane. Mwaka 2010, JSTOR, ambayo ni hifadhi ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, ilikatiza huduma yake kwa chuo kizima cha MIT cha Marekani kwa siku kadhaa kwa sababu ya ushushaji wa makala kwa wingi. Kijana aliyehusishwa na tukio hilo, Aaron Swartz, alikamatwa Januari 2011, akafunguliwa mashtaka mazito katika mahakama ya shirikisho la Marekani, na alifariki Januari 2013 kabla kesi yake haijasikilizwa. Watu wengi wenye heshima wanaamini kwamba mashtaka yale yalipita kiasi. Hata ukikubaliana nao, ujue kwamba mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ana kinga ndogo zaidi kuliko aliyokuwa nayo yeye.

Mjibu ndugu yako kwa upole lakini bila kusitasita: «Mdogo wangu, nywila sina ruhusa ya kuitoa, ila nitumie majina ya makala unazozitafuta tuone zinapatikana wapi kwa njia halali.» Kisha mwelekeze. Mpango wa Research4Life, ambao ulianza mwaka 2002 kwa huduma ya Hinari ya Shirika la Afya Duniani, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vya afya, kilimo, mazingira, sheria na maendeleo bure au kwa gharama ndogo, na mahali pa kuanzia ni kwa mkutubi wa chuo chake mwenyewe. Upo pia muungano wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti Tanzania, COTUL, unaonunua huduma za majarida kwa pamoja; wanafunzi wengi wanazo nyenzo hizo chuoni kwao na hawajawahi kuzifungua. Makala za tiba zilizo wazi zinapatikana PubMed Central, za fizikia na hisabati zipo arXiv, na za majarida ya Afrika zipo African Journals Online. Njia iliyosahaulika zaidi ni kumwandikia mwandishi wa makala barua pepe fupi yenye adabu. Watafiti wengi hufurahi kusomwa na hutuma nakala. Kuhusu wewe mwenyewe kumtumia makala moja, baadhi ya mikataba ya maktaba huruhusu jambo hilo kwa kazi ya kitaaluma na mingine hairuhusu, kwa hiyo mwulize mkutubi wa huko uliko kabla ya kutuma.

Filamu, muziki na torenti

Hapa tulizoea kujaziwa filamu kwenye flashi kwa bei ndogo, na hakuna aliyewahi kuandikiwa barua na mwanasheria kwa ajili hiyo. Ughaibuni mambo ni mengine. Torenti, yaani njia ya watu kushushiana mafaili kutoka kompyuta hadi kompyuta, ina hatari ya pekee kwa sababu, wakati unashusha filamu, kompyuta yako wakati huohuo inawagawia wengine, na mbele ya sheria wewe unakuwa msambazaji. Nchini Marekani, sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008 inavitaka vyuo viwe na mpango wa kupambana na usambazaji huo na kuwaeleza wanafunzi adhabu zake. Joel Tenenbaum, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Boston, aliamriwa na baraza la wazee wa mahakama mwaka 2009 alipe dola 675,000 kwa nyimbo 30. Wengi hawafiki huko. Hukatiwa mtandao na kuitwa kujieleza. Ujerumani barua za madai hutoka kwa mawakili wa wenye haki na huandikiwa yule ambaye mtandao umesajiliwa kwa jina lake, hivyo ukiishi nyumba ya kupanga na wenzako, kosa lako huweza kumwangukia mwenzako asiye na habari.

Biashara, michango na matangazo

Mtandao wa chuo umetolewa kwa masomo, utafiti na matumizi binafsi ya kiasi. Kuendesha duka la vitenge, kusajili biashara ya usafirishaji wa mizigo kwa barua pepe ya chuo, au kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme na kompyuta za maabara ni matumizi yanayokatazwa karibu kila mahali. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi jambo hili lina uzito wa pili: Uingereza viza hiyo hairuhusu kujiajiri, na Marekani mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali. Ushahidi wa biashara yako ukikaa ndani ya barua pepe ya chuo, umeuweka mahali ambapo uchunguzi wa nidhamu utaukuta.

Lipo jambo ambalo waraka hauwezi kulitaja kwa jina letu, nalo ni michango. Mtu akifiwa au akiozesha, sisi huwajulisha wote tunaowafahamu. Kutumia orodha ya barua pepe ya idara yenye watu mia tano kuwaomba wasiokujua wachangie msiba wa Kondoa au harusi ya Kongwa huhesabiwa kuwa ujumbe wa wingi usioombwa, hata kama msiba ni wa kweli. Tumieni kundi la jumuiya ya Watanzania, au sajilini jumuiya yenu chuoni ili ipewe njia rasmi ya kutangaza. Kampeni za kisiasa za nyumbani nazo zisipite kwenye anwani ya chuo.

Kwa wahitimu wa TEHAMA hasa

Waliosoma kompyuta wana udadisi wa kupima mifumo, na udadisi huo ni mzuri. Lakini kuchunguza milango ya seva ambazo si zako, kufunga ruta yako chumbani bila ruhusa, au kujaribu programu ya kudukua uliyofundishwa darasani kwenye mtandao ulio hai, vyote vinahitaji idhini ya maandishi. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia programu iliyojinakili yenyewe ikalemaza maelfu ya kompyuta, ingawa alisema hakukusudia kuharibu. Alikuwa wa kwanza kutiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1986 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta. Alipewa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Uingereza ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1990, nayo inatazama zaidi kama ulikuwa na idhini kuliko kama ulisababisha hasara. Ukigundua udhaifu katika mfumo wa chuo, acha hapo ulipofikia, usimwonyeshe rafiki, na uwaandikie kitengo cha TEHAMA siku hiyohiyo.

Unaporudi nyumbani kwa likizo au utafiti

Akaunti ya chuo husafiri nawe. Huduma ya eduroam, inayomruhusu mwanafunzi wa chuo kimoja kutumia Wi-Fi ya chuo kingine kwa nywila yake ya nyumbani, imefika Tanzania pia. Ukiitumia unabanwa na masharti ya pande zote mbili, ya chuo kilichokupa akaunti na ya chuo kilichokukaribisha. Kama unategemea VPN ya chuo, yaani njia ya siri ya mtandaoni inayokuunganisha na chuo ukiwa mbali, ili kufika maktaba, kumbuka kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao kutoa taarifa, kwa hiyo wasiliana nao mapema badala ya kuulizwa ukiwa katikati ya kazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, kuchapisha taarifa za uongo na kukiuka haki miliki. Sheria hiyo huwafuata Watanzania hata waishio nje, pale ambapo kitendo ni kosa pia kwa sheria za nchi wanakoishi.

Anayekuja kukusanya data Bahi, Chamwino au Mpwapwa asihifadhi sauti na majina ya wahojiwa kwenye akaunti yake binafsi ya mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na vyuo vya Ulaya vinabanwa na kanuni za ulinzi wa data zilizoanza kutumika Mei 2018. Tumia hifadhi iliyoidhinishwa na chuo, na umweleze mzee unayemhoji kwa lugha anayoielewa kwamba maneno yake yatakwenda wapi.

Kabla ya safari, hakikisha uthibitisho wa hatua mbili hautegemei laini moja tu ya simu. Wengi husajili namba ya ughaibuni, wakifika Dodoma laini haipokei ujumbe, na kazi ya muhula inabaki imefungwa. Sajili programu ya uthibitisho kwenye simu na uchapishe namba za akiba.

Ukiandikiwa barua ya tuhuma

Usifute chochote, kwa sababu kufuta huonekana kama kuficha. Hakikisha kwanza kwamba barua ni ya kweli. Kitengo cha TEHAMA hakiombi nywila kwa barua pepe, na matapeli hupenda kuwatisha wanafunzi wa kigeni kwa kutaja viza. Ikiwa ni ya kweli, jibu ndani ya muda uliotajwa, sema kilichotokea bila kuongeza wala kupunguza, na uende ofisi ya ushauri ya chama cha wanafunzi au ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kikao, kwani una haki ya kuomba mtu wa kukusindikiza katika vyuo vingi. Ikiwa akaunti yako ilitumiwa na mwingine, badilisha nywila na utoe taarifa mara moja. Taarifa uliyotoa mwenyewe kabla ya kuulizwa hupokelewa tofauti sana na utetezi unaotolewa baada ya kukamatwa.

Masomo yakiisha, akaunti hufungwa, pengine ndani ya wiki chache tu. Miezi mitatu kabla ya hapo hamisha anwani uliyoandikisha Bodi ya Mikopo, benki na kwa mfadhili kwenda barua pepe yako binafsi, kabidhi data ya utafiti kwa msimamizi wako kama mkataba unavyotaka, na ufute programu za leseni ya chuo kwenye kompyuta utakayorudi nayo.