Moshi wa mioto ya misitu: jinsi ya kusafisha hewa ya chumba kimoja kwa feni, filta nne na tepu

Naandika haya baada ya kukaa saa tano sakafuni kwa jirani yangu hapa Portland, Oregon, mama mmoja wa Bukavu ambaye mwanawe wa miaka sita ana pumu. Saa nne kati ya hizo zilipotea bure, na kosa lilikuwa langu. Kazi yangu ni ufundi wa viyoyozi, kwa hiyo aibu yenyewe ni mara mbili.

Tuliokuwa huku Septemba 2020 hatujasahau. Tarehe 7 upepo mkali wa mashariki uliichochea mioto kwenye milima ya Cascade, na kwa siku nyingi mfululizo moshi ukalala juu ya mji. Kipimo cha ubora wa hewa (AQI, ambacho kikipanda hewa ni mbaya zaidi) kilipita 400, na ujue kuanzia 151 tu hewa inahesabiwa mbaya kwa kila mtu. Kinachoumiza hapo si harufu, ni chembe za chini ya maikromita 2.5, ndogo mara ishirini na zaidi kuliko unene wa unywele. Zinapita pua na koo, zinatua chini kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu.

Hatua ya 1: Angalia ramani

Fungua fire.airnow.gov, ramani ya moto na moshi ya serikali ya Marekani. Usipime hewa kwa kutazama mbingu. Moshi husafiri mbali na moto wenyewe usiuone. Juni 2023 anga la New York liligeuka rangi ya chungwa kwa mioto ya Quebec huko Kanada, nchi nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Chagua chumba kimoja

Kile mnacholala. Usihangaike na nyumba nzima.

Hatua ya 3: Unda boksi la kuchuja hewa

Feni ya boksi ya inchi 20, filta nne za inchi 20 kwa 20 zilizoandikwa MERV 13 (daraja la uwezo wa filta kunasa chembe ndogo), na tepu pana. Huku haizidi dola 100. Wenye wazo hili ni Richard Corsi na Jim Rosenthal, mwaka 2020. Filta nne ni kuta, kadibodi la boksi lililokuja na feni ni sakafu, feni inakaa juu ikipuliza kwenda juu. Mishale iliyochapishwa kwenye fremu za filta yote itazame ndani. Ziba kila kona kwa tepu, kisha funika pembe nne za feni kwa kadibodi lenye tundu la duara, maana hewa hupenda kurudi chini kupitia pembe hizo.

Feni iwe mpya kiasi. Zile za zamani sana zinaweza kupata moto. Na mashine zinazojisifu kutoa ozoni ziacheni dukani, ozoni yenyewe inakera mapafu.

Hatua ya 4: Zima kila kinachotoa hewa nje

Hapa ndipo nilipokwama. Nililiwasha boksi, likavuma vizuri, lakini kipimo kidogo cha chembe zile nilichokiweka kwenye rafu kilisoma maikrogramu 86 kwa kila mita ya ujazo na hakikusogea. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa siku usizidi 15. Nikabandua tepu yote, nikabandika upya. Nikageuza filta, nikazirudisha. Yule mama akanitazama akasema, "Papa, hii haifanye kitu." Nikamjibu, "Subiri kidogo, mama," kwa sauti ya mtu anayejua.

Kilichonifumbua macho ni kipande cha tepu kilichokuwa kinaning'inia kwenye fremu ya dirisha lililofungwa. Mtoto alipofungua mlango wa bafu, kikapepea kuelekea ndani. Nikainuka, nikasikiliza: feni ya bafuni. Katika jengo lile inazunguka usiku na mchana, haina swichi, na watu wameshaizoea hawaisikii tena.

Hewa inayotolewa nje lazima nafasi yake ijazwe, nayo itajazwa kupitia nyufa za madirisha na chini ya mlango, pamoja na moshi wake. Yaani tulikuwa tunachota maji huku mtungi una tundu. Nikaziba tundu la feni ya bafu kwa kadibodi na tepu. Baada ya kama dakika arobaini kipimo kikasoma 19.

Kwa hiyo kagua: feni ya bafu, feni ya juu ya jiko, mashine ya kukaushia nguo. Kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja linalotoka dirishani nakichukia hata siku za kawaida; siku za moshi kinakuingizia moshi kwa nguvu ya umeme unaoulipia mwenyewe.

Tahadhari mbili. Bomba la moshi la hita ya maji ya gesi usiliguse kamwe. Ukiliziba, gesi ya sumu isiyo na harufu inabaki ndani na inaua. Pili, feni ya jiko ikishazimwa, msikaange. Chemsheni. Ubani na mishumaa pia vingoje.

Hatua ya 5: Ukitoka

Barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe, yenye mikanda miwili, ikibana usoni. Ndevu zinaharibu kazi yote. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi.

Hatua ya 6: Joto

Madirisha yakifungwa, chumba kinapata joto, na joto nalo linaua. Portland ilifika nyuzi 46 Juni 2021. Kama huna kiyoyozi, chukua watoto na inhela mwende maktaba ya umma mkae huko mchana.

Filta za yule mama zilikuwa nyeupe Jumatatu. Ijumaa zilishakuwa na rangi ya majivu. Zikifika hapo, vaa barakoa, zima feni, zitie taratibu kwenye mfuko wa takataka palepale chumbani na ufunge. Usizikung'ute.