Somo: Kuchagua swichi ya KVM kwa kompyuta mbili au zaidi

Swichi ya KVM ni kisanduku kinachoziwezesha kompyuta kadhaa kutumia kibodi, kipanya na skrini moja kwa zamu. Wanunuzi wengi huuliza kwanza ina matundu ya kompyuta ngapi, ilhali kinachoamua iwapo itakufaa au itaishia kabatini ni picha, na ndipo tunapoanzia.

Hatua ya 1: Ijue skrini yako. Tazama kama ina tundu la VGA, DVI, HDMI au DisplayPort, kisha fungua mipangilio ya kompyuta uone ukubwa wa picha na mara ngapi inaonyeshwa upya kwa sekunde. Swichi ya HDMI 1.4 hupitisha picha ya 4K (nukta 3840 kwa 2160) kwa Hz 30 tu, yaani mara 30 kwa sekunde, na mshale wa kipanya huonekana ukirukaruka. Kwa Hz 60 unahitaji HDMI 2.0, au DisplayPort 1.2 na kuendelea. Maandishi ya "4K" kwenye boksi yasikutoshe, tafuta na idadi ya Hz.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu EDID, jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka waulizwe. Kila skrini hubeba taarifa fupi za kujitambulisha, ziitwazo EDID, ambazo kompyuta huzisoma ili ijue itume picha ya namna gani. Swichi nyingi za bei nafuu hukata mawasiliano hayo kila unapohama, na kompyuta uliyoiacha hudhani skrini imechomolewa, hivyo ukirudi unakuta madirisha yamerundikana pembeni na maandishi yamevimba. Swichi inayoiga EDID huendelea kuijibu kompyuta kana kwamba skrini haijaondoka. Kwa anayehamahama kutwa nzima, ningeilipia sifa hii kabla ya nyingine yoyote.

Hatua ya 3: Chunguza upande wa USB. Zipo swichi zinazoiga kibodi na kipanya, yaani huendelea kuijibu kompyuta kana kwamba vifaa hivyo havijaondoka. Hizi hubadilisha papo hapo, ila vitufe vya ziada vya kibodi au kipanya huenda visifanye kazi. Nyingine hupitisha kila kitu moja kwa moja, na vitufe vyote hufanya kazi, lakini kompyuta huchukua muda kidogo kuvitambua vifaa upya kila unapohama.

Hatua ya 4: Hesabu kebo. Kila kompyuta inahitaji ya picha na ya USB, na ukiwa na skrini mbili, za picha huwa mbili kwa kila kompyuta.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, skrini yangu ina matundu mawili ya HDMI. Je, bado nahitaji KVM?
Jibu: Si lazima, ndugu. Unganisha kila kompyuta na tundu lake, nunua swichi ya USB pekee kwa ajili ya kibodi na kipanya, na chanzo cha picha ukibadilishe kwa kitufe cha skrini yenyewe. Utabonyeza mara mbili badala ya moja, lakini tatizo la ubora wa picha kupungua njiani halitakuwapo.

Swali: Kuna programu zinazofanya kazi hii bila kifaa chochote. Kwa nini tununue swichi?
Jibu: Programu kama Synergy au Mouse Without Borders zinafaa pale kila kompyuta ina skrini yake na zote zimeunganishwa kwenye mtandao. Hata hivyo, hufanya kazi baada ya mfumo endeshi kuwaka, kwa hiyo hazitakufikisha kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi kuwaka) wala kukusaidia kompyuta ikigoma kuwaka.

Swali: Mwongozo unasema nibonyeze Scroll Lock mara mbili ili kubadilisha kompyuta, nami nabonyeza bila mafanikio. Swichi ni mbovu?
Jibu: Kagua kwanza tundu ulilochomeka kibodi. Swichi nyingi zina matundu ya USB yenye alama ya kibodi na kipanya, na mengine ya vifaa kama flashi na printa. Kibodi ikichomekwa kwenye haya ya pili itaandika kama kawaida, ila swichi haitaisoma amri hiyo.