Utando wa kufungashia chakula kutoka kwenye machicha ya muhogo

Nyuma ya kila kiwanda kidogo cha wanga wa muhogo kuna rundo la machicha, yale makapi meupe yanayobaki muhogo ukishaparuzwa, kuoshwa na kukamuliwa. Siku ya kwanza hayasumbui. Ya tatu yameshachacha, inzi wamejaa, na mwenye kiwanda anatafuta mtu wa kuyaondoa. Kinachoniuma ni kwamba mali bado imo: ukiyakausha, takriban nusu ya uzito wake ni wanga, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyuzi.

Vyote viwili tunavihitaji. Wanga ndio utando wenyewe. Nyuzi ndizo zinazoukaza. Wengi hutoa wanga, nyuzi wakazimwaga, kisha utando ukichanika wanalaumu kipimo cha gliserini, kile kimiminika kinachoulainisha. Nami nilifanya hivyo muda mrefu.

Kwanza, sumu

Muhogo, hasa ule mchungu, una viini vinavyozalisha sianidi, na maganda yanayo kwa wingi kuliko nyama yake. Kwa hiyo tumia machicha ya muhogo uliomenywa tu. Sumu hiyo huyeyuka kwenye maji, na ikishakuwa sianidi ya hidrojeni hugeuka mvuke kwenye nyuzijoto 26 hivi, yaani joto la kawaida la pwani. Ndiyo maana tunaosha mara nyingi na kufanyia kazi nje au madirisha yakiwa wazi. Maji ya kuoshea usimwage mtoni wala usiyaache mahali mbuzi watakunywa. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa unga wa muhogo wa kuliwa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Nami wanga wangu naulenga hapo hapo, na anayepima ni maabara. Ulimi haupimi sumu.

Hatua ya 1: Tenganisha wanga na nyuzi

Chukua kilo 5 za machicha ya siku hiyo hiyo. Yasage tena kwenye blenda na maji mengi, kidogo kidogo, kwa sababu wanga uliobaki umejificha ndani ya nyuzi na hautoki kwa kukamua peke yake. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, kamua, rudishia maji, kamua tena. Mara tatu.

Maji meupe yaache yatuame kwa saa 4 hadi 6. Mwaga ya juu, koroga mashapo na maji safi, tuamisha tena, mpaka maji ya juu yawe maangavu. Usilaze usiku kucha wakati wa joto: wanga huchacha, na harufu hiyo haitoki. Anika kwenye kitambaa safi hadi uvunjike kwa vidole. Kwa kilo 5 mimi hupata gramu 100 na kidogo.

Nyuzi nazo zioshe, zikaushe hadi ziwe kavu kabisa, zisage na uzipitishe kwenye chekecheo laini kuliko yote uliyonayo. Unataka vumbi. Chenga moja tu nene inatosha kuanzisha mpasuko.

Hatua ya 2: Pika

Kwa lita 1 ya maji safi: wanga gramu 40, gliserini ya kiwango cha chakula gramu 12, vumbi la nyuzi gramu 4. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kijiko. Gliserini ikipungua utando unakatika kama kaki; ikizidi unanata na kufyonza unyevu hewani.

Loweka nyuzi kwenye sehemu ya maji kwa saa nzima kwanza. Kisha changanya vyote vikiwa baridi, pima uzito wa sufuria pamoja na vilivyomo, na uandike. Injika ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, ukoroge polepole kwa mwiko. Ukipita nyuzijoto 60 na kitu, uji unaanza kuwa mzito na kuacha weupe wake. Endelea hadi 85 au 90, ukae hapo dakika 20. Usipige kwa kasi, unaingiza hewa. Mwishoni pima tena na ufidie maji yaliyopotea kwa mvuke. Hatua hii wengi huiruka, ndiyo maana kila trei inatoka na unene wake.

Funika dakika 10, engua povu, chuja kwenye chekecheo la chai.

Hatua ya 3: Mimina na kausha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nenda taratibu.

Trei iwe ya plastiki ngumu yenye kitako laini, kioo hung'ang'ania. Iweke juu ya meza uliyoisawazisha kwa pima maji ya fundi mwashi, pande zote mbili. Trei ya sentimita 30 kwa 40 inachukua mililita 300 za uji wa moto, na ukikauka unapata unene wa milimita 0.1 hivi. Lita moja inatosha trei tatu. Vipovu vitoboe kwa sindano kabla uso haujashika.

Kausha kivulini, au kwenye kikaushio cha nyuzijoto 40 hadi 45, hewa ikitembea, kwa saa 12 hadi 20. Jua la moja kwa moja hukausha kingo kabla ya katikati, na utando hujikunja na kupasuka. Masika huku pwani utando ulioachwa wazi unaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Subiri, au tumia kikaushio chenye feni. Niliwahi kubandua karatasi kumi zikiwa bado na ubaridi, nikazifunga pamoja, na baada ya siku nne zote zilikuwa na ukungu.

Pitisha kisu kingoni, bandua kuanzia pembeni. Usiukunje siku hiyo. Uache chumbani siku mbili urudishe unyevu kidogo, kwa sababu maji nayo huulainisha kama gliserini.

Hatua ya 4: Pima

Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10. Kiwe na gramu 1.4 hadi 1.6. Kikunje mara ishirini mahali pale pale. Kikikatika kabla, ongeza gliserini gramu 1 awamu ijayo. Kiangalie dhidi ya mwanga kuona nyuzi zilizojikusanya.

Wa kufungia nini

Utando huu ukiwa mkavu huzuia mafuta na oksijeni vizuri, ila mvuke wa maji huupita. Basi unafaa karanga za kukaanga, korosho, viungo vikavu, ndani ya mfuko wa karatasi. Nyama, samaki na mboga mbichi hapana. Ukingo ufunge kwa kupaka uji ule ule kwa brashi, ubane dakika chache. Ukitaka kuuza Tanzania, fika TBS (Shirika la Viwango Tanzania) mapema, kabla hujachapa hata lebo, ukiwa na majibu ya maabara ya sianidi na vimelea.