Sato wa moshi ughaibuni: soma gunia la peleti kabla ya kulipa

Mtu wa Mwanza akisikia "mwaloni" anaiona Kirumba: mitumbwi, magunia ya dagaa, akina mama wakipanga samaki wakavu kwa mafungu. Wasomaji wa Biblia wana mwaloni mwingine, mti wa Abrahamu kule Mamre. Huku Würzburg, Ujerumani, ninakoishi, mji wenye udugu na Mwanza tangu 1966, mti huo husagwa, ukashindiliwa na kuuzwa kama peleti, vijiti vidogo vya kulisha jiko la moshi, yaani jiko linaloivisha chakula kwa moshi. Gunia lake limeandikwa "Eiche".

Nasisitiza maandishi ya gunia kwa sababu wenzetu wengi hupeleleza jiko miezi mizima, kisha kuni wanachukua zozote zilizo rahisi. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza. Nilinunua gunia la kilo 15 lenye alama ya ENplus A1, muuzaji akanihakikishia kwamba peleti ni peleti. Sato watatu niliowachoma walitoka na rangi nzuri, lakini walikuwa wachungu, na harufu yao ilikuwa ya karakana ya seremala. Wageni walikula ugali kwa mchicha.

Zile zilikuwa peleti za kupashia nyumba joto. Alama ile inahusu hita: unyevu mdogo, majivu machache. Haikuambii kama mti huo unafaa kwa chakula, na mara nyingi huwa ni "Fichte", mti wa jamii ya misindano wenye utomvu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote zina unene wa milimita 6. Kwa hiyo tafuta gunia linalosema wazi kwamba ni la kuchomea chakula na linalotaja mti. Likisema asilimia 100 ya mtufaa, ni mtufaa mtupu. Likisema mchanganyiko, kwa kawaida sehemu kubwa ni mti wa bei nafuu na lile jina la mbele ni kionjo tu. Huo si wizi, ila usilipie bei ya mtufaa mtupu. Nikikuta yameongezwa mafuta ya harufu, narudisha gunia rafuni. Peleti nzuri haihitaji gundi wala marashi: inaposhindiliwa hupata joto, na lignini, ile gundi ya asili iliyomo ndani ya mti wenyewe, hulainika ikashikanisha vumbi.

Sasa mti gani? Anza na samaki. Sato ana nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi, moshi mkali unamzidi nguvu. Mpe mtufaa ("Apfel"), mcheri ("Kirsche") au "Erle", ambao Marekani huitwa alder na hutumika sana kwa samaki. Bibi yangu kule Igombe aliweka kuni za mwembe au mpera chini ya chanja, na kwa ulimi wangu miti hii ya matunda ndiyo inayokaribia zaidi moshi ule. Sangara, ambaye hapa minofu yake huuzwa kwa jina la "Viktoriabarsch", ana mafuta zaidi. Yeye anastahimili "Buche", kuni ya jadi ya Wajerumani kwa samaki wa moshi, na hata mwaloni kidogo. Mlioko Marekani mtakutana na kuni za hickory na mesquite kila duka. Mesquite ni ndugu wa mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa Baringo, Kenya. Moshi wake ni mkali, uwekeeni nyama ya ng'ombe. Samaki mwacheni.

Kabla ya kumimina, vunja peleti moja. Nzuri inalia "tak!" na ganda lake linang'aa. Iliyonyonya unyevu inamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Ikiingia hivyo, inavimba na kuikwamisha skrubu inayosukuma kuni motoni, na utashinda ukichokonoa badala ya kula. Tikisa gunia pia: vumbi jingi chini maana yake limepigwapigwa njiani. Ukishalifungua, hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Usiliache kwenye baraza, hasa msimu wa theluji.

Jiko lenyewe hula kati ya nusu kilo na kilo moja kwa saa, kutegemea joto na baridi ya nje. Moshi wake ni mwepesi kuliko wa chanja, kwa hiyo usikate tamaa ukaongeza kuni kali. Paka samaki chumvi, mfute, mwache kwenye friji bila kufunikwa mpaka ngozi inate kidogo kwenye kidole, kama gundi inayokauka. Hapo ndipo moshi unapong'ang'ania. Anza na nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, kwenye joto la chini jiko hutoa moshi zaidi. Moshi ukiwa mzito na mweupe, subiri upungue na kuwa wa kibluu ndipo uingize samaki. Mtoe pale penye nyama nene panapofika nyuzi 63.

Huyu si mkavu wa Kirumba anayesafiri kwenye basi hadi Dar bila kuoza. Ndani bado ana maji, mweke kwenye friji na mmalize ndani ya siku 3 au 4. Wangu huwa nawatia kwenye nazi siku ya pili.